Ekzeta ikiisha, maki inabaki na nani? Juu ya filamu mbili za Dieudo Hamadi



Hapa Kisangani neno kominote limekuwa kama chumvi, linatiwa kwa kila chungu. Kijana anamaliza lisansi, kazi hakuna, anaitwa kwenye semineri. Kule anaambiwa ajenge kominote, awe mbunifu, kile anachopenda kufanya akigeuze kuwa proje. Anayeshona, proje. Anayechora ukutani, proje. Anayepiga gitaa jioni kwa kupumzisha kichwa, naye anaulizwa bizinesi plani iko wapi. Siku ya kuzindua kuna bandroli, kuna triko zenye maandishi, kuna sikre baridi, kuna picha mingi. Miezi mitatu inapita, unauliza kikundi kiko wapi, wanakuonyesha zile picha.

Sisemi semineri zote ni bure. Mimi mwenyewe nilijifunza vitu katika semineri moja au mbili. Lakini zimetuachia wazo moja la kikundi, wazo la pepinieri: mche unawekwa kwenye mfuko mweusi, unamwagiliwa mbele ya wageni, na hakuna anayeuliza utapandwa kwa udongo gani. Ndiyo maana nimerudia kutazama filamu mbili zilizopigwa hapa kwetu. Nafikiri zinajua juu ya kujenga kikundi kuliko makaratasi yetu yote. Na nafikiri pia zinaficha kitu, bila kutaka. Nitasema vyote viwili.

Dieudo Hamadi ni mtoto wa Kisangani, alizaliwa 1984. Kabla ya kushika kamera alisomea udaktari. Wengi walimjua kwa Atalaku, filamu yake ya 2013 juu ya uchaguzi wa 2011 Kinshasa, na baadaye kwa Maman Colonelle ya 2017. Lakini mimi naongea juu ya Examen d'État ya 2014 na En route pour le milliard ya 2020. Zote mbili zinatoka hapa Boyoma, zinaongea vile tunaongeaka, na zote mbili ni hadithi ya watu ambao hawana kitu ila kuwa pamoja.

Tuanze na ile ya kwanza. Kila mmoja anayesoma hapa alipita ekzeta, sihitaji kueleza. Katika Examen d'État, wanafunzi wa darasa la mwisho wanafukuzwa shuleni juu ya primu ya walimu haijalipwa. Ekzeta iko karibu. Basi wanafanya kile sisi wote tulifanya au tuliona wakubwa wetu wakifanya: wanatafuta nyumba, wanalala humo pamoja, wanasoma pamoja. Maki. Hakuna mwalimu, hakuna prefe, hakuna mtu wa kuwaambia saa ya kuamka. Mwenye kujua hesabu anafundisha hesabu.

Hamadi haelezi. Anakaa. Kamera anaishika mwenyewe, na inaonekana: iko chini, karibu, kama mwenzao mmoja ambaye hana daftari. Mtu wa nje angeweza kufanya filamu ya huruma juu ya watoto maskini wa Kongo wanaotaka kusoma. Yeye anaonyesha pia wanavyopanga udanganyifu, wanavyotafuta majibu yatakayokuja kwa telefone, wanavyokwenda kuombewa biki ili ziandike vizuri siku ile. Kuna kijana anabeba mizigo sokoni ili apate franka, halafu anarudi kusoma. Hakuna anayefanywa malaika. Kwa mimi hapo ndipo filamu ina nguvu yake, kwa sababu inakataa kutenganisha akili ya watoto hawa na ujanja wao. Ni kitu kimoja. Mtoto anayejua kupanga nyumba ya watu wengi bila pesa ndiye huyo huyo anayejua kupanga mtandao wa majibu.

Wengine waliniambia filamu inatuaibisha mbele ya Wazungu. Nimesikia hoja hiyo hata kwa watu wenye lisansi mbili. Sikubali. Kinachoaibisha ni primu, na primu haikuanzishwa na Hamadi. Serikali imetangaza elimu ya bure tangu 2019, lakini ni kwa shule ya msingi, na mzazi yeyote wa sekondari atakuambia mfuko wake unasema nini. Filamu imezeeka kwa miaka, jambo lake bado ni bichi.

Sasa angalieni ile nyumba ya maki vizuri, kama mnavyoangalia shamba. Nani aliizindua? Hakuna. Nani ni prezida? Kuna mwenye sauti kubwa, lakini sauti inahama: leo ni anayejua fizikia, kesho ni aliyeleta unga. Sheria ziko, ila hazikuandikwa. Na kazi inafanyika kwa mikono, maana mtu anachota maji, mwingine anafagia, mwingine anapika. Kule Bengamisa watoto waliokuja kufanya maki mjini walibeba mihogo, ndizi na mafuta ya ngazi kutoka nyumbani, kilometa kama hamsini, juu ya baiskeli au juu ya gari la mizigo. Mchango wa chakula ndio ulikuwa kadi ya memba. Aliyekuja mikono mitupu alikubaliwa pia, lakini alijua ataosha masufuria.

Nilikaa katika maki moja kama hiyo, miaka mingi imepita. Tulikuwa na kibao cheusi tulichotengeneza sisi wenyewe: ubao wa triplex, makaa yaliyosagwa, maji ya majani ya mihogo ya kushikisha ile rangi nyeusi. Mmoja wetu alikuwa fundi wa vitu hivyo, alifanya kwa kupenda tu. Alichora pia mwili wa mtu ukutani, mifupa yote, na mimi naamini ile mifupa ndiyo ilinipa pointi za biolojia. Hakuna aliyemwambia kipaji chake ni proje. Ekzeta ilipoisha kila mtu alikwenda njia yake, na kibao kilibaki kwa mama mwenye nyumba. Nilipita hapo mwaka jana. Kimelala juu ya matofali, anapanga sombe juu yake anauza.

Na hapo ndipo swali langu kwa filamu linaanzia. Examen d'État inaisha na matokeo, na vile mnajua, poda nyeupe kichwani, kelele, wengine wanalia pembeni. Sinema inataka hivyo. Hadithi yenye tarehe ina mwisho ndani yake. Lakini kikundi kilichojengwa kwa mikono katika majuma yale yote kinapotea kwa siku moja, na filamu haigeuki nyuma kuangalia nyumba ikiwa tupu. Ningependa igeuke, hata dakika moja. Ningependa kuona ukuta uliobaki na hesabu zake za makaa.

Filamu ya pili ni nzito, na ninaomba tuiongelee kwa heshima. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Siku sita. Watoto waliozaliwa baada ya hapo leo wako inivasite, na wengine wao wanasoma hapa, kwa hiyo nasema wazi: mamia ya raia walikufa, watu kwa maelfu waliumia, mabomu yalianguka juu ya nyumba, makanisa na shule. Mwaka 2005 Korti ya kimataifa ya haki ya La Haye ilisema Uganda inapaswa kulipa fidia kwa Kongo. Halafu kimya. En route pour le milliard inafuata chama cha wahanga wa vita hiyo, wengi wao wamekatwa mguu au mkono, wanaoamua kushuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Wanasafiri kwa balenyeri, mashua kubwa ya mbao iliyojaa watu na mizigo, siku nyingi juu ya maji.

Ilichaguliwa kwa Cannes mwaka 2020, mwaka ule ambao festivali haikufanyika kama kawaida juu ya korona. Watu wengi walioandika juu yake waliongea juu ya mto, na kweli, mvua ya pale katikati ya mto, watu wakivuta bashi kila upande ili wasilowe, ni kitu huwezi kusahau. Upepo unachukua plastiki, mikono kumi inaishika, wenye magongo na wenye miguu yote wamechanganyika, huwezi kujua nani ni nani. Kwa dakika zile hakuna mhanga na asiye mhanga. Kuna watu walioshika bashi moja.

Mimi lakini naongea juu ya jukwaa. Safari inakatwa hapa na pale, na tunawaona watu wale wale katika giza lenye taa kidogo wakiigiza maisha yao. Wanaimba, wanasema yaliyowapata. Si waigizaji wa kazi. Ni mama muuzaji, ni kijana, ni baba. Mtu anayekwenda kwa magongo barabarani na kutazamwa kwa huruma, hapo juu anatazamwa kwa namna nyingine: anatazamwa kwa sababu ameamua kutazamwa.

Wakaguzi wengine wa kule Ulaya waliona zile sehemu kama mapambo, pumziko kati ya picha za mto. Nadhani hawakuelewa. Kwa maoni yangu jukwaa ndilo injini ya ile filamu. Fikirieni chama cha wahanga kinafanya nini siku ya kawaida. Kinaandika barua. Kinangoja jibu. Kinahesabu memba, kinazika memba. Ukiwa katika chama cha kungoja tu, miaka ishirini, utachoka na utaondoka, na hakuna atakayekulaumu. Lakini mchezo wa kuigiza unadai kitu kingine. Unadai uje saa fulani, ujue maneno yako, ungoje mwenzako amalize yake, uimbe sauti ya pili kwa sababu mwenye sauti ya kwanza ni fulani. Barua kwa Kinshasa inamfanya mtu kuwa namba katika listi. Jukwaani hakuna wa kuchukua nafasi yake. Hii sikuisoma popote, naiona tu katika namna wanavyosimama.

Halafu wanafika Kinshasa, karibu na uchaguzi wa mwisho wa 2018. Mlangoni pa wakubwa hawasikilizwi. Wanakaa nje na vitambaa vyao. Mji unaongea juu ya nani atakuwa rais, hakuna nafasi ya watu wa Kisangani. Ni sehemu ngumu ya kutazama, na Hamadi anafanya vizuri kutokuongeza muziki wa kulia. Kwa wasiojua: tarehe 9 Februari 2022, baada ya filamu kutoka, ile Korti ilipanga kiasi, dola milioni 325 ambazo Uganda ilipaswa kulipa kwa mafungu matano. Mfuko wa kugawa uliundwa, na mizozo juu ya ule mfuko mnaisikia kila siku kuliko mimi. Bilioni ya kwenye jina la filamu bado iko njiani.

Sasa lawama yangu. Filamu ya kwanza inakwenda kwa tarehe, ya pili inakwenda kwa mji. Zote zina njia iliyonyooka, na kikundi kinaonekana kama gari la kufikisha watu huko. Ndiyo kusema tunaona watu wakiwa pamoja kwa sababu ya kitu kilicho mbele, ekzeta au pesa. Tunaona kidogo sana jinsi wanavyokuwa pamoja siku ambayo hakuna kitu mbele. Ule mchezo wa kuigiza, walifanyia mazoezi wapi? Siku gani? Nani alibaki nyumbani na watoto? Watu wawili waliogombana kwenye mashua, walirudije kuimba pamoja? Hamadi ana macho ya mambo hayo, hilo tunalijua tangu nyumba ya maki, lakini hapa mto umemchukua. Mto wetu ni mkubwa, unachukuaka wengi.

Mtasema nadai filamu nyingine kuliko ile niliyopewa. Labda. Lakini kuna sababu ninadai, na inatuhusu sisi.

Katika nchi hii kazi ya pamoja na ngoma ya pamoja zina historia mbaya. Wazazi wetu walifanya salongo enzi ya Mobutu: kazi ya mikono kwa amri, na wimbo juu. Walicheza pia animasio politiki, wakiwa wafanyakazi wa ofisi au wanafunzi, wamevaa pagne ya chama, wakiruka kwa ajili ya Mkuu. Kulikuwa na ubunifu mwingi pale, tusidanganyane. Wapiga ngoma walikuwa hodari, mitindo ilikuwa mizuri, baba zangu wadogo bado wanajua hatua zote na wakinywa kidogo wanazicheza. Lakini mtu aliyechezeshwa kwa nguvu hatakuja haraka ukimwita tena ajenge pamoja. Atauliza: hii ni ya nani? Na ana haki. Bandroli za leo zinafanana sana na zile, kilichobadilika ni picha iliyo juu yake.

Upande mwingine kuna likelemba. Hakuna mtu aliyewahi kuzindua likelemba kwa sikre. Mama kumi wanaweka franka, wiki hii anachukua huyu, wiki ijayo yule, na inadumu miaka kwa sababu kila mmoja ana zamu na kila mmoja anamwona mwenzake. Ukiangalia maki ya Examen d'État kwa macho hayo, ni likelemba ya akili. Leo unanipa kemia, kesho ninakupa kifaransa. Jukwaa la wahanga pia ni likelemba: leo ninakusikiliza hadithi yako yote bila kukukata, halafu zamu ni yangu. Nafikiri hapa ndipo vikundi vyetu vya vijana vinakosea. Tunavijenga kama salongo, na kiongozi wa kutoa amri, halafu tunashangaa havidumu kama likelemba.

Twendeni kidogo kwa Wagenia, pale kwenye maporomoko. Watalii wanapiga picha ya miti iliyosimama ndani ya maji na vikapu vikubwa. Wanaona desturi ya zamani. Mimi naona kazi ya kutengeneza. Mto unapanda, unavunja, wanaume wanarudi kufunga miti upya kwa kamba za msituni. Kila familia inajua mahali pake. Kama ile miti ingekuwa ya chuma, ingejengwa mara moja na mfadhili, na sijui kama leo kungekuwa bado na watu wa kuisimamia pamoja. Kinachovunjika mara kwa mara kinawalazimisha watu kukutana mara kwa mara. Mtu wa sinema akitaka, hiyo nayo ni filamu, na haina tarehe ya mwisho.

Kuna mfano mwingine wa karibu, na unatoka kwa wasanii. Faustin Linyekula, mcheza ngoma aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, aliunda Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, akazihamishia hapa Kisangani mwaka 2006. Angeweza kubaki Paris au Brussels, kazi ilikuwepo. Ninachopenda katika wazo lake ni kwamba hakutaka jumba moja kubwa la utamaduni katikati ya Makiso, lenye ngazi na mlinzi. Pamoja na msanifu wa majengo Bärbel Müller walifikiri vituo vidogo, kimoja huku, kingine kule, mpaka ng'ambo ya mto, Lubunga. Na Lubunga swali la wasanii halikuwa tu nani atacheza, lilikuwa pia watu wanakunywa maji gani. Mwaka 2014 walipata tuzo ya Curry Stone ya Marekani kwa kazi ya Kisangani, na hasa ile ya Lubunga. Ngoma na maji safi katika sentensi moja. Kwa mtu wa kilimo kama mimi hilo halishangazi: kama watu hawana sababu nyingine ya kuja mahali pale, hawatakuja kwa ajili ya ngoma peke yake zaidi ya mara mbili.

Na pale pia nina neno. Pesa nyingi za kazi ya namna hiyo zinatoka kwa matamasha ya Ulaya, na mara nyingi ni kule ndiko michezo inaonyeshwa kwanza. Sisi tunasikia sifa halafu tunangoja. Filamu za Hamadi vile vile: rafiki yangu aliyeko Ubelgiji aliona En route pour le milliard katika salle yenye viti vya kitambaa kabla mimi sijaiona kwenye telefone, mega zikinikatikia katikati ya ile mvua. Si kosa la wasanii. Lakini kikundi kinachotazamwa na watu wa mbali kuliko majirani zake kinaanza polepole kuongea kwa ajili ya wale wa mbali. Mpaka sasa Hamadi ameponyoka hatari hiyo, nafikiri kwa sababu hapendi kueleza. Watu wake wanaongea wao kwa wao. Mzungu akikosa kitu, akose.

Nirudi kwa neno nililoanza nalo, kipaji kugeuzwa proje. Kijana bila kazi akikaa kuchonga, kufuma, kutengeneza spika kwa mbao za zamani, familia inasema: tazama, hana kazi ndiyo maana anacheza. Akiitisha wenzake watano wacheze naye, inakuwa mbaya zaidi. Ili aheshimiwe anaita mchezo wake proje, anatafuta muhuri, anatafuta mfadhili. Siku mfadhili hakuja, anaacha hata kuchonga. Huo ni ugonjwa, na unasambaa kama mozaiki ya mihogo. Mnajua mozaiki inavyoingia shambani: inzi mweupe anaileta, sawa, lakini zaidi ni sisi wenyewe, tunampa jirani mti wa mihogo kwa moyo mzuri na ndani yake kuna virusi. Tunapeana pia namna ya kuunda kikundi: statuti, bandroli, uzinduzi, raporo. Kwa moyo mzuri. Na kila shamba linakunjamana majani kwa namna moja. Dawa tunayofundisha mkulima si ya kupulizia. Anazunguka shamba lake polepole, anaangalia mmea mmoja mmoja, anachukua mti wa kupanda kwa ule uliokaa mzima wakati mingine imeugua.

Maki ni mmea uliokaa mzima. Ule mchezo wa wahanga pia. Wala huu wala ule haukuanza kama proje, na hata hivyo kazi iliyofanyika ni kubwa: watoto waliofukuzwa waliingia katika ekzeta, na watu waliosahauliwa walifika mpaka mlango wa Bunge. Siwezi kusema walishinda. Wengine walianguka ekzeta. Mlango wa Bunge haukufunguka siku ile. Lakini nikiulizwa katika filamu hizi mbili ni wapi niliona mji wangu ukijengwa, sitataja barabara wala jengo.

Watakaotaka kuziona, ziangalieni kwa mpango huu: Examen d'État kwanza, halafu En route pour le milliard, si siku moja. Kwetu Bengamisa nyumba ya video ni ya manjanja, mvua ikinyesha husikii kitu, kwa hiyo tulikubaliana na mwenye jenereta tutaonyesha jioni za kiangazi, na kila anayekuja analeta kiti chake. Baada ya filamu ya pili wazee walitaka kuongea kuliko vijana. Mzee mmoja, aliyekuwa Kisangani ile Juni, hakuongea juu ya vita. Aliuliza ule wimbo wa jukwaani ni nani aliutunga, na kama anayeimba sauti ya chini bado yuko. Sikuwa na jibu. Filamu nayo haina.